Mafuta ya Kujaza Shavu: Njia Ipi ya Kuyasafisha Ndiyo Bora?

(Muziki wa kipindi unafifia.)

Kama uko uani unapepeta ndengu, kama uko kisimani ukingojea zamu yako, au kama umekaa chini ya mti na redio yako ndogo, karibu. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Tseikuru.

Leo nazungumza hasa na yule anayelea mtoto mwenye kovu usoni. Sote tunajua makovu haya hutoka wapi. Mtoto ameangukia moto wa mafiga matatu. Mwingine amemwagikiwa na uji. Mwingine ameumwa na mbwa, au na fisi akiwa malishoni. Mwingine alikuwa na jipu la jino, likacheleweshwa nyumbani mpaka usaha ukatoboa shavu. Jeraha limepona, mtoto anakula na kucheza, lakini shavu limebonyea na ngozi imeshikana na mfupa. Na wenzake shuleni wamempa jina.

Kuna mama mmoja aliyenipa ruhusa nisimulie habari yake bila kumtaja. Binti yake aliungua akiwa mdogo. Kidonda kiliingia vijidudu, na kilipopona kiliacha shimo shavuni. Msichana alipofika darasa la nne alianza kukataa kwenda shule. Mama akampeleka kwa daktari wa upasuaji, naye akasema, "Tunaweza kuchukua mafuta kidogo kutoka tumboni mwake, tuyasafishe, tujaze hapa." Mama akafurahi. Lakini kabla ya siku ya upasuaji, mtu mmoja mjini akamwambia kwamba hospitali ile husafisha mafuta kwa njia ya zamani, na kwamba yeye anajua mahali penye mashine ya kisasa. Alitaka malipo ya kwanza haraka. Mama alikuja kwangu akiwa tayari amepata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili. Akaniuliza, "Sista, nikiuza hawa ng'ombe, mashine itamponya mtoto wangu kuliko ile njia nyingine?"

Wapendwa, nitasema kweli. Nilitaka kumjibu ndiyo. Nilifikiri kitu chenye mashine lazima kiwe bora. Lakini nilimwomba anipe siku chache, nikauliza wanaojua, nikasoma. Niliyojifunza ndiyo ninayowaletea leo.

Mafuta haya ni yapi?

Hatuzungumzii mafuta ya kupikia wala ya kupaka. Chini ya ngozi ya kila mtu kuna mafuta laini ya manjano, kama yale unayoyaona unapomchuna mbuzi aliyenona. Yale ya mwilini ni chembechembe hai. Zinakula na kupumua kwa kutumia damu. Daktari anaweza kuzichukua kutoka tumboni au pajani, kwa mrija mwembamba usio na ncha kali, akazihamisha hadi usoni mwa mtu yuleyule. Kwa kuwa ni mafuta yake mwenyewe, mwili hauyakatai.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1893 daktari mmoja wa Ujerumani aitwaye Gustav Neuber alieleza jinsi alivyochukua vipande vidogo vya mafuta kutoka mkononi mwa mgonjwa akajaza kovu lililobonyea usoni. Baadaye sana, katika miaka ya 1980 na 1990, daktari Sydney Coleman wa New York alipanga hatua za kuyatoa, kuyasafisha na kuyaweka, na madaktari wengi duniani wakamfuata.

Kwa nini yasafishwe?

Mafuta yakitoka mwilini hayatoki peke yake. Huja na damu, na maji, na dawa ya ganzi, na pia mafuta majimaji yaliyotoka katika chembe zilizopasuka. Haya yote yakirudishwa shavuni yatafanya nini? Yatavimbisha uso kwa siku chache, kisha mwili utayanyonya, na shimo litarudi. Mama ataona kama amedanganywa. Tena damu na uchafu huleta uvimbe wa ndani. Kwa hiyo lazima yachujwe.

Hapa kwetu tuna mfano mzuri, nao ni asali. Asali ikitoka mzingani huja na nta, na nyuki waliokufa, na takataka. Kuna anayeiacha kwenye chombo itulie mpaka uchafu uelee. Kuna anayeichuja kwa kitambaa. Na pale kwenye mitambo ya vikundi vya wafugaji nyuki kuna mashine inayozungusha masega mpaka asali ikaruka nje. Zote tatu hukupa asali. Vivyo hivyo na mafuta ya mwili.

Njia ya kwanza: kuyaacha yatulie

Daktari anasimamisha bomba la sindano lenye mafuta kwa muda. Damu na maji, kwa kuwa ni mazito, hushuka chini. Mafuta majimaji ya chembe zilizopasuka huelea juu. Katikati hubaki mafuta mazuri. Ya chini humwagwa, ya juu hunyonywa kwa kitambaa safi.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji umeme wala mashine, na chembe hazisumbuliwi. Upungufu wake ni kwamba maji mengi zaidi hubaki ndani. Kwa hiyo shavu hupungua zaidi baada ya uvimbe kushuka, na daktari ni lazima alijue hilo mapema anapokadiria kiasi cha kuweka.

Njia ya pili: kuyazungusha kwa mashine

Hii ndiyo "mashine ya kisasa" ambayo yule mama aliambiwa. Ukweli ni kwamba mashine ya aina hiyo, inayozungusha vichupa kwa kasi, hutumika katika maabara nyingi kutenganisha damu. Katika njia ya Coleman mafuta huzungushwa mara 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 3. Maji na damu husukumwa upande mmoja, na mafuta yanayobaki huwa mazito na makavu.

Uzuri wake ni kwamba hutenganisha haraka na vizuri. Upungufu wake ni kwamba ukizungusha kwa nguvu kupita kiasi, au kwa muda mrefu, unazipasua zile chembe unazotaka ziishi.

Njia ya tatu: kuosha na kuchuja

Hapa mafuta huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale tunayotundika kwenye dripu, kisha huchujwa kwa chujio safi. Wengine huyabingirisha polepole juu ya shashi isiyoshika mpaka maji na damu vinyonywe.

Uzuri wake ni kwamba damu na dawa ya ganzi huondoka vizuri, na chembe hutunzwa kwa upole. Upungufu wake ni kwamba kubingirisha kwenye shashi huchukua muda, hufaa kwa kiasi kidogo, na mafuta yakikaa wazi hewani yanaweza kuingiwa na vijidudu. Ndiyo maana siku hizi kuna hospitali zinazotumia mifuko iliyofungwa, mafuta yakaoshwa humohumo bila kuguswa na hewa.

Labda utasikia pia habari ya mafuta yaliyosagwa yakawa laini kama maziwa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 2013 na daktari Patrick Tonnard wa Ubelgiji na wenzake. Hiyo haijazi shimo, kwa sababu chembe za mafuta zenyewe hufa katika kusagwa. Hutumika kulainisha ngozi ya kovu. Kwa hiyo mtu asikuuzie hiyo kwa ajili ya shavu lililobonyea.

Basi ipi ndiyo bora?

Hapa ndipo nilipopata jibu la yule mama. Madaktari wamelinganisha njia hizi kwa miaka mingi. Utafiti mmoja huona kuzungusha ni bora, mwingine huona kuosha, mwingine huona kubingirisha kwenye shashi. Ukiziweka tafiti zote pamoja, hakuna njia moja iliyothibitishwa kwamba inazishinda nyingine zote. Kwa njia yoyote ile, sehemu ya mafuta hufa. Vitabu hutaja kwamba yanayobaki ni kati ya asilimia 20 na 80. Tazama jinsi pengo hilo lilivyo kubwa! Watu wawili wametibiwa kwa namna moja, mmoja amebakiwa na mengi, mwingine kidogo.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kusafisha ni hatua moja tu kati ya nyingi. Mambo mengine hutegemea mikono ya daktari na mwili wa mtoto.

Chukua mfano wa ndengu. Ukimwaga kisonzo kizima katika shimo moja, zitaota ngapi? Zile za pembeni zitapata udongo na maji, za katikati zitaoza. Lakini ukizitawanya, kila mbegu na nafasi yake, utavuna. Mafuta nayo ni hivyo. Siku za kwanza hayana mshipa wa damu, hunyonya tu unyevu wa nyama iliyo jirani. Punje ndogo iliyozungukwa na nyama huishi mpaka mishipa mipya ifike. Donge kubwa hufa katikati, likawa kigumu au kifuko cha mafuta. Hata yule Neuber wa mwaka 1893 alishaona kwamba vipande vidogo ndivyo vinavyofaulu. Kwa hiyo daktari mzuri hupitisha mrija mara nyingi, kila mara akiacha kidogo sana.

Udongo nao ni muhimu. Kovu la moto ni udongo mgumu, na damu yake ni kidogo. Ndiyo maana mara nyingi mtoto huhitaji kurudi mara ya pili au ya tatu, baada ya miezi kadhaa. Kurudi huko ni kama kupalilia. Haina maana kwamba kazi ya kwanza iliharibika.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mama, usione haya kuuliza. Badala ya kuuliza kama wana mashine, uliza haya.

Moja: Je, wewe umesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile, na umeshafanya kazi hii kwa watoto? Kila daktari nchini Kenya husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na jina lake linaweza kuthibitishwa huko.

Mbili: Je, kovu la mtoto wangu limekomaa? Kwa kawaida hungojewa mpaka lilainike na wekundu uishe, na hiyo yaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi.

Tatu: Je, mtoto wangu ana mafuta ya kutosha kuchukuliwa? Mtoto mwembamba sana, au mwenye upungufu wa damu, kwanza alishwe vizuri na kutibiwa.

Nne: Unatarajia tutarudi mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na kulala?

Tano: Je, mafuta ndiyo anayohitaji kwanza? Swali hili ni kubwa. Kama kovu limevuta kope hata jicho halifungi usiku, au limevuta mdomo hata mtoto hafungui vizuri kula, mafuta hayatatosha. Hapo huhitajika kuachilia ngozi na kupandikiza nyingine. Na jicho lisilofungika lisingojee kovu likomae, kwa sababu linaweza kupofuka. Mlete mara moja.

Hatari zake

Hakuna upasuaji usio na hatari. Mtoto hupewa dawa ya usingizi. Pale mafuta yalipotolewa patauma na kuwa na rangi ya damu iliyovilia kwa siku kadhaa. Vijidudu vinaweza kuingia. Na kuna hatari moja ambayo hutokea mara chache lakini ni kubwa: mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu wa uso yanaweza kuziba mshipa wa jicho au wa ubongo. Kwa hiyo nawasihi, kazi hii isifanywe chumbani kwa mtu wala saluni. Na usikubali kamwe mtoto adungwe mafuta ya chupa usiyojua yametoka wapi. Mafuta salama ni yale yaliyotoka katika mwili wa mtoto mwenyewe, siku hiyohiyo, katika chumba cha upasuaji.

Kumtunza nyumbani

Mkisharudi nyumbani, kazi ni yako mama. Usimkande shavu wala kulibonyeza ili kuona kama limekaa vizuri. Majirani nao wasiguseguse. Alale chali au upande mwingine, kichwa kikiinuliwa kidogo. Usimfunge kitambaa kwa kukaza. Akae mbali na moshi wa jikoni, na asikae karibu na mtu anayevuta sigara. Apate chakula chenye kujenga mwili: ndengu, maharagwe, maziwa, mayai, mboga. Tarehe ya kurudi kliniki uishike.

Siku za kwanza shavu litavimba hata lizidi lile jingine. Usishangae. Baadaye litapungua. Usishangae pia. Baada ya miezi mitatu hivi ndipo utaanza kuona kilichobaki. Na jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: mafuta hayo hubaki na tabia ya mahali yalikotoka. Msichana akinenepa ukubwani, shavu hilo nalo linaweza kunenepa.

Ukiona homa, wekundu unaoenea, usaha au maumivu yanayozidi, njoo hospitali siku hiyohiyo. Mtoto akisema haoni vizuri, akilegea upande mmoja wa mwili au akishindwa kusema, usingoje hata saa moja.

Njia ya kufika

Msianze kwa kuuza mifugo. Anzeni kwenye zahanati iliyo karibu au hapa hospitali ya Tseikuru, mpate barua ya rufaa. Kutoka hapa mtaelekezwa Mwingi au Kitui, na kazi kubwa hupelekwa Nairobi, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, yenye wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilikwisha na mahali pake pakachukuliwa na SHA. Jiandikishe pamoja na mtoto, kisha uliza hospitalini kabla ya kulazwa ni nini kitalipwa na nini utalipa wewe.

Nchi yetu si ngeni kwa kazi hii. Huduma ya Madaktari Warukao ilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Walitaka mtu wa kijijini aliyeungua au kuraruliwa na mnyama atibiwe kama mtu wa mjini. Kwa hiyo usifikiri kwamba uso wa mtoto wa Tseikuru ni jambo dogo.

Na kovu ambalo halikutokea halihitaji daktari. Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto, vua nguo isiyoshikana na ngozi, umwagie maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Najua maji ni haba kwetu. Kama hayatoshi, lowesha kitambaa safi, weka, ubadilishe mara kwa mara. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala majivu. Funika kwa kitambaa safi na umlete. Uso ukiungua, hata kidogo, mlete.

Yule mama, je? Hakuuza ng'ombe. Alirudi kwa daktari wake wa kwanza akamwuliza maswali yale matano. Daktari akamjibu yote, akamwambia wazi kwamba huenda wakarudia. Msichana alipasuliwa katika hospitali ya serikali. Mafuta yake yalioshwa na kuchujwa, bila ile mashine. Shavu lilijaa, kisha likapungua, kama nilivyowaeleza. Halijafanana na lile jingine, na watarudi tena. Lakini ngozi haijashikana tena na mfupa, na akicheka shavu linasogea. Amerudi shuleni. Na katika wale ng'ombe wawili, mmoja amezaa, na maziwa yake ndiyo msichana anayokunywa.

Kwa kifupi, mpendwa msikilizaji: kutuliza, kuzungusha na kuosha zote ni njia zinazokubalika. Usimlipe mtu kwa sababu ya jina la mashine. Tafuta daktari aliyesomea, chumba kilicho safi na kovu lililokomaa, kisha umtunze mtoto na kuwa na subira.

Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema wewe na watoto wako. Kwaheri.

(Muziki.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja njia tatu za kusafisha mafuta. Kila moja ina uzuri gani na upungufu gani?
2. Kwa nini shavu hupungua baada ya upasuaji, na mama afanye nini akiona hivyo?
3. Ni makovu gani yasiyopaswa kungoja?
4. Katika kijiji chetu, nani ana mtoto mwenye kovu usoni anayefichwa nyumbani? Tutamsaidiaje mama yake kupata barua ya rufaa?